Saa ya Radojka

Radojka alitoka hospitalini siku moja tu baada ya kupunguzwa mfuko wa tumbo, wala hakutoroka. Siku hizi wale wanaotaka kupungua uzito hawalazwi wiki nzima. Wakikuona unatembea korido na maji yanakaa tumboni, wanakuvika saa ya mpira mkononi na kukurudisha kwako. Saa ile hupeleka mapigo ya moyo wako kwao.

"Mshono ukivuja, moyo hukimbia kabla hata homa haijaja," Nesi Borka alimwambia mbele ya mdogo wake, Vidosava. "Ukikimbia nakupigia, nawe unarudi. Hakuna mjadala."

Mjadala ulianza garini. Kesho yake ilikuwa slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba, na tangu afiwe na mumewe, Radojka ndiye mwenye nyumba. Sasa, mwenye nyumba siku ya slava haketi. Husimama tangu mshumaa unapowashwa mpaka mgeni wa mwisho ashike njia.

"Nikisimama, moyo utapanda. Yule nesi ataniita, niwaache wageni na mshumaa," alisema Radojka, huku akiivua saa. "Vaa wewe."

"Dada, una wazimu?"

"Moyo wako unatambaa kama kobe tangu utotoni. Vaa. Na simu yangu kaa nayo."

Vidosava akaivaa. Muite mjinga, haya. Lakini Radojka ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, na mtu humkatalia vipi mzazi wa namna hiyo?

Wageni wakaja, wakaonja mlangoni ngano tamu ya kuchemsha, kama ilivyo desturi ya slava, wakaketi. Radojka alisimama kando ya mshumaa na kikombe chake kidogo cha maji.

"Juzi kakatwa, leo kasimama," alisema jirani yao Miladin, akimega nguruwe wa kuchoma. "Mimi nikikatwa ukucha tu nalala mpaka Pasaka."

Watu wakacheka. Radojka naye akacheka, huku akisugua bega la kushoto. Muda si muda akalisugua tena. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na chumba hakikuwa na joto kiasi hicho. Vidosava akamvuta hadi jikoni.

"Bega lina nini?"

"Nimelilalia vibaya."

"Chukua saa yako."

"Wageni wakiondoka."

"Dada, mficha maradhi..."

"Usinimalizie methali ndani ya nyumba yangu. Peleka kabichi mezani."

Bakuli likiwa mkononi mwa Vidosava, simu ya dada yake ikalia. Alikuwa Nesi Borka.

"Radojka, mapigo yako yanapendeza. Umepumzika?"

"Nimelala," akajibu Vidosava kwa sauti ya dada yake.

"Vizuri. Wote wangekuwa kama wewe, tungewaruhusu mapema bila hofu."

Vidosava akakata simu. Aliogopa, akajionea haya kwa kuogopa, akapeleka kabichi.

Hapo ndipo Radojka alipoketi. Alijishusha kwenye kiti kando ya mshumaa, polepole, na wageni wakaacha kula. Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo katika nyumba ile. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Kidogo tu," alisema. "Endeleeni kula."

Vidosava alihisi moyo wake ukiruka, na papo hapo simu ikalia tena.

"Radojka, moyo wako unakimbia. Njoo sasa hivi."

"Mimi si Radojka. Saa nimevaa mimi."

Nesi akauliza upesi:

"Tangu lini?"

"Tangu jana, tulipotoka kwenu."

"Na wa kwake unakwendaje?"

Vidosava akapiga magoti, akaushika mkono wa dada yake uliolowa jasho la baridi, akatafuta mshipa. Aliupata. Ulikuwa ukikimbia ovyo, pigo juu ya pigo.

"Siwezi kuuhesabu," akasema.

"Mleteni. Nawaita madaktari."

Miladin alikwisha kutoka kuwasha gari. Radojka akamkazia macho mdogo wake.

"Na hapa atasimama nani?"

Mezani, wageni wote walikuwa wamesimama.