Aliyelala Kwenye Trei ya Nyaya

Saa nne asubuhi, wafanyakazi wa ghala walipokuwa wamekaa juu ya maboksi wanakunywa chai, Kijiti alirudi kazini akalala kwenye trei ya nyaya. Alikuwa amezikwa wiki tatu zilizopita. Alivaa ovaroli lake, amelala chali, nyayo zimeelekea ofisi ya meneja.

"Mumeo yuko juu," karani wa stoo alimwambia Mama Pacha.

Mama Pacha aliinua macho, akamaliza kutafuna mkate wake. "Namwona. Tena hana soksi."

Hizo trei zilikuwa za chuma, zenye matundu matundu, zimening'inizwa chini ya paa kutoka mlangoni hadi ukuta wa mwisho, zinang'aa kama sufuria iliyotunzwa kwa ajili ya wageni. Zilinunuliwa ili nyaya zote za umeme zipandishwe huko, zilale kwa adabu, zisitambae sakafuni. Fundi umeme, mdogo wake Kijiti, alizifunga kwa siku nne. Alipotaka kuzima umeme ili apandishe nyaya, meneja akamwambia kwamba mashine za kufunga maboksi hazisimami siku mbili kwa ajili ya waya.

"Trei zipo, fundi. Anayeingia anaziona. Inatosha."

Basi nyaya zikabaki chini, zimefunikwa vipande vya boksi, na magurudumu ya toroli yakawa yanazila ganda kidogo kidogo. Siku moja Kijiti akapiga deki njia ya tatu, akakanyaga palipoliwa. Hakuwahi hata kusema "aa". Na mpaka leo mkewe anasukuma toroli hapohapo, juu ya waya uleule. Hilo ndilo lililomrudisha.

"Sishuki," alisema kutoka juu, "mpaka nyaya zipande."

"Haya, kaa," Mama Pacha alimjibu. "Nyumbani ulikuwa husogezi hata kiti, leo umekuja kuhamisha umeme."

Watu wakacheka, wakamaliza chai.

Meneja alikuja kutazama. Alimuuliza fundi kama trei itastahimili. Fundi akasema trei ile inabeba mzigo mkubwa, na kaka yake hata alipokuwa hai alikuwa mwepesi kama ungo mtupu.

"Kama ni hivyo, asidondoshe kitu," meneja alisema.

Kijiti akadondosha. Alikuwa na karanga mfukoni zisizokwisha, na kila meneja alipopita, ganda moja lilishuka polepole likatua katikati ya kipara. Siku ya pili meneja akaanza kutembea na mwavuli humo ndani ya ghala. Wafanyakazi walimpisha kwa heshima, wakimuuliza kama huko ofisini kunanyesha.

Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu karani wa stoo alimwomba Kijiti asome namba za maboksi ya rafu ya juu, maana ngazi ilikuwa imevunjika. Kijiti akazisoma moja moja, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Karani akamsifu. Katika miaka kumi na moja ya kazi hakuwahi kusifiwa, basi akasahau karanga zake mpaka jioni.

"Wanakuzoea," mkewe alimwambia. "Ukishazoeleka, umekwisha."

"Sasa nifanyeje, mke wangu?"

"Alhamisi mkaguzi anakuja. Akiingia tu, mwite, mwoneshe waya."

Mwaka juzi na mwaka jana mkaguzi aliandika vilevile: trei hazitumiki. Akiandika mara ya tatu, ghala litafungwa mpaka nyaya zipande. Kila mtu alilijua hilo. Alhamisi asubuhi fundi alikuja ameshavaa glavu zake, na Mama Pacha alifagia njia ya tatu mwenyewe ili pale penye waya paonekane vizuri.

Mkaguzi akaingia na fomu.

"Shikamoo, mzee," Kijiti aliita kwa upole. "Tazama chini, njia ya tatu, chini ya kile kipande cha boksi. Huo ndio ulioniua."

Mkaguzi akatazama juu, kwa kuwa fomu yake ilianzia juu.

"Huyu ni nani?"

"Mfanyakazi wetu," meneja alisema, akikunja mwavuli. "Yuko upande wa namba."

"Huwa yuko hapo kila siku?"

"Kila siku. Hata Jumapili."

Mkaguzi akasoma kwa sauti: "Je, trei zinatumika?" Akatia alama kwenye Ndiyo.

Mama Pacha aliacha toroli, akamfuata, akasogeza kile kipande cha boksi kwa ncha ya kiatu. Shaba ilionekana, nyekundu kabisa. "Na huu, baba?"

Mkaguzi akainama, akautazama kwa makini. Akageuza fomu mbele, akaigeuza nyuma. "Mama, upande wa sakafu wanauliza kama kumefagiliwa." Akatazama huku na huku. "Pamefagiliwa vizuri sana." Akatia Ndiyo nyingine, akaaga.

Fundi akavua glavu.

"Shuka, Kijiti," Mama Pacha alisema. "Wewe ndiye unayewasaidia."

"Nilisema sishuki mpaka zipande."

"Ulikuwa mbishi, na kufa hakukukutibu."

"Shemeji, mwache," fundi alisema. "Nimemjua tangu utotoni. Hashuki huyo."

Jumatatu trei mpya zikaletwa, pana mara mbili kuliko zile za kwanza. Meneja akaagiza zifungwe juu ya njia ya tatu.

"Hizi ndizo za nyaya?" Mama Pacha aliuliza.

Meneja alimtazama kutoka bega hili hadi bega lile, bila ubaya wowote, kama mtu anayenunua kabati.

"Za matumizi," alisema.

Mama Pacha akashika toroli. Akanyanyua magurudumu ya mbele, akayapitisha juu ya waya, akanyanyua na ya nyuma. Fundi alikuwa ameshaanza kutoboa.