Swali la Binti wa Diwani

Mwalimu wa watoto kanisani alikuwa mama wa makamo, siku za kazi mshona sare za shule, na ulimi wake ulikwenda mbio kuliko cherehani yake. Jumapili ile alitaka watoto wawashike mitume kichwani, akawalinganisha na wanasiasa. Mbunge mwepesi wa kuapa, huyo Petro. Waziri wa fedha ni Mathayo mtoza ushuru. Yule wa upinzani asiyeamini kitu mpaka akiguse, Tomaso. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu.

"Na diwani wetu?" akauliza mmoja.

"Yuda!" likaitikia darasa zima, maana diwani alikuwa amehama chama mwezi uliopita na watu walikuwa wakimtafuna kama muwa.

Mwalimu naye akacheka. Kicheko hakijamtoka mdomoni, akamwona binti wa diwani, wa miaka minane, benchi la mbele, akivuta soksi zake juu, na kuzivuta tena, ingawa zilishafika magotini.

Asubuhi yake, kabla ya kufungua duka lake la ushonaji, mwalimu akapiga hodi kwa diwani. Alimkuta sebuleni na pasi mkononi, shati la sare limetandazwa mezani. Tangu afiwe na mkewe, kazi hizo alizifanya mwenyewe.

"Karibu, mwalimu. Najua kilichokuleta."

"Nimekuja kuomba radhi. Nilicheka."

"Wamecheka wengi." Akaligeuza shati. "Mwanangu hakulia, ujue. Aliniuliza tu, 'Baba, Yuda alikuwa na mtoto?'"

Miaka kumi na tisa ya kufundisha, na mwalimu hakuwahi kujiuliza hilo. "Ukamjibuje?"

"Nikasema sijui. Akauliza, kama alikuwa naye, kesho yake nani alimpeleka shule."

Harufu ya kitambaa kinachoungua ikapanda.

"Lete hapa, baba, utaunguza." Akaichukua pasi, akaanza kuinyoosha kola aliyoishona kwa mikono yake. "Lakini kwa nini ulihama?"

"Waliniahidi maji ya bomba kwa kata nzima. Na cheo, nisikufiche. Maji hayajaja."

"Na cheo?"

"Cheo kilikuja," akajibu, macho chini.

"Basi waambie watu hivyo hivyo. Petro alikana mara tatu, na bado alirudi."

"Usinipambe, mwalimu."

"Sikupambi. Kurudi ni kazi, tena ya aibu."

Binti akaingia na fulana, mswaki mdomoni. Mwalimu akapiga magoti, macho yao yakalingana. "Nilikosa jana, mama. Nisamehe."

Mtoto akatoa mswaki. "Ulicheka sana au kidogo?"

"Kidogo. Lakini kilikuumiza."

"Ndiyo," akasema. Kisha akageuka na kunyoosha mikono nyuma, avikwe shati.

Jumatano diwani aliitisha mkutano. Walimzomea, akasubiri kelele zipungue, akaeleza yote, la cheo pia. Wengine waliondoka katikati. Wachache walibaki kumuuliza habari za bomba.

Jumapili mwalimu alikiri kosa lake mbele ya watoto kabla ya sala. Diwani alikuja kwa miguu, amemshika bintiye mkono, akatafuta pa kukaa. Msichana mmoja akasogea kumpisha kwenye benchi fupi, na mheshimiwa akaketi, magoti karibu na kidevu. Somo la siku hiyo lilikuwa Nuhu. Mwalimu hakumlinganisha na mtu.