Wifi Chini ya Meza ya Kukatia

Wifi yangu alikata mikono themanini ya mashati ya shule, na yote themanini ikawa ya kushoto.

Hakuna aliyemwona akikosea. Cherehani zilikuwa zinanguruma, kila mtu kainamia kazi yake, na Fundi, mwenye karakana, alikuwa ametoka kutafuta uzi. Kumbe wifi alikuwa ametandika kitambaa chote uso ukiangalia juu, badala ya uso kwa uso, na mkasi hauulizi maswali. Fundi aliporudi akachukua mkono mmoja, akaulaza juu ya mwingine, akachukua wa tatu. Akavaa miwani. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, ni shule gani hiyo ambayo watoto wake wana mikono miwili ya kushoto.

Angejibu samahani, mambo yangeishia hapo. Lakini zilikuwa zimebaki siku mbili aingie hedhi, na wifi yangu siku hizo hana samahani mdomoni. Alimwambia Fundi kwamba kama anajua sana akate mwenyewe, akatupa chaki, akaketi juu ya robota la kitambaa na kulia. Baadaye akaomba msamaha. Baadaye tena akakasirika kwa sababu msamaha ulikubaliwa haraka mno.

Huyu ni mdogo wa mume wangu, ana miaka ishirini, na tunaishi naye ghorofa ya pili, vyumba viwili, sisi na mtoto wetu anayetambaa. Siku ishirini za mwezi ni binti wa kuombewa dua na majirani. Halafu tumbo linajaa, kiuno kinauma, kifua hakigusiki, usingizi unakimbia, na ukimwambia chai imepoa anaona umemtukana. Mume wangu ni fundi bomba, na kila mwezi siku hizo huwa na bidii ya ajabu: anatengeneza mifereji ya majirani bila hata kuitwa.

Sasa mjue uzito wa jambo lenyewe. Katika karakana yetu, sisi wengine wote tunashona kilichokwisha kukatwa. Anayesimama kwenye meza ya kukatia ndiye anayeamua nguo itakuwa nguo au tambara. Macho ya Fundi yanachoka, anatafuta mtu wa kumwachia mkasi, na wifi alikuwa ameutamani mkasi huo tangu siku ya kwanza alipoingia kufagia vipande. Baada ya ile mikono, Fundi alimhamishia kwangu, kwenye vifungo. Akasema kazi nyingine ya shule itakuja baada ya miezi mitatu. Wifi atakata fungu la kwanza. Akiharibu, ataletwa mkataji kutoka nje, na yeye atabaki kushona vifungo mpaka azeeke. Akafungua kalenda ya ukutani, akaweka kidole juu ya Jumanne moja.

Jioni tukahesabu kwa penseli. Jumanne ile ilikuwa inaangukia katikati kabisa ya zile siku.

Wifi akasema Fundi kachagua makusudi. Nikamwambia yule mzee hajui hata tarehe aliyozaliwa, atajuaje yako.

Mimi nasoma masomo ya jioni, na somo la afya tunafundishwa na mama mmoja ambaye mchana ni muuguzi. Anafundisha amevua viatu kwa sababu miguu imemvimba. Nikanyoosha mkono nikasema kuna mtu ninayemfahamu ana shida hii na hii. Darasa zima likageuka kunitazama kwa huruma. Mwalimu hakucheka. Alisema mazoezi huwasaidia wengi wenye shida hiyo, ingawa si wote: kutembea kwa kasi nusu saa, siku nyingi za wiki, mpaka pumzi ianze kupanda, kunyoosha mgongo na nyonga, kupumua taratibu, hewa ishuke mpaka tumboni. Na yafanywe mwezi mzima, siyo kungoja maumivu yaanze ndipo mtu akumbuke. Akasema pia kwamba binti akifika mahali pa kushindwa kuinuka kitandani, au akianza kuona maisha hayana maana, hapo asidanganywe na mazoezi, apelekwe hospitali. Nikayaandika yote, mpaka yale ya viatu.

Wifi aliposikia alicheka kwa dharau. Mtu anafanya kazi kutwa, aambiwe afanye mazoezi? Lakini Jumapili nilipoamka nikamkuta hayupo. Alirudi saa tatu, amelowa, anachechemea. Alikuwa ametembea tangu alfajiri. Alikuwa amepiga hesabu ya nusu saa kwa siku zote za mwezi, akaona ni vizuri aimalize yote kwa Jumapili nne, kama mtu anayefua nguo za wiki nzima. Kesho yake alishuka ngazi kinyumenyume, ameshika ukuta, na Fundi akamuuliza kama amegongwa na kitu.

Ndipo tukaanza upya, kwa adabu. Jioni ambazo sina darasa tulitoka wote wawili, mtoto mgongoni mwangu. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu mwanamke hatembei kwa kasi bila sababu. Siku ya kwanza muuza mkaa alitutazama tukipita mbio mbio, akaacha mzani, akaanza kutufuata. Mshona viatu alimwona muuza mkaa, naye akanyanyuka na nyundo yake. Tulipofika kona ya zahanati tulikuwa na watu sita nyuma yetu, na mmoja anauliza mwizi ameelekea wapi. Wifi akawaeleza kwamba tunafanya mazoezi. Wakasimama pale wamehuzunika, kama watu walionyimwa kitu. Wiki ya tatu walishatuzoea, na muuza mkaa akawa anatusomea saa tukipita: leo mmechelewa.

Nyumbani tulitandika blanketi chini. Zoezi lililompendeza wifi ni lile la kupiga magoti na kuweka mikono chini, unaukunja mgongo juu kama paka aliyeona mbwa, kisha unaushusha taratibu huku unatoa pumzi. Mwanangu alidhani shangazi yake hatimaye amepata akili na kuanza kutambaa, akawa anamzunguka kwa furaha na kumlamba sikio.

Mwezi wa kwanza hakuna kilichobadilika, ila alinitukana akiwa na pumzi nzuri zaidi. Mwezi wa pili kiuno kilimwachia kidogo na usiku alilala. Hasira zilikuja, ila zilibisha hodi kwanza. Mume wangu alithubutu kula chakula cha jioni nyumbani siku mbili mfululizo.

Ile Jumanne ikafika.

Hapa inabidi niseme habari ya pini. Karakana yetu inashona nguo za watoto, na Fundi ana sheria moja isiyo na msamaha: pini ikianguka, kazi inasimama. Wote tunashuka chini kwa magoti na mikono, hakuna anayenyanyuka wala kuongea mpaka ipatikane, maana zamani pini moja ilisafiri ndani ya kola mpaka shingoni mwa mtoto. Huhitaji kuambiwa. Ukiona mwenzako ameshuka, nawe unashuka.

Wifi alitandika kitambaa asubuhi hiyo uso kwa uso, akapapasa kila tabaka. Niliona amekunja midomo. Alikuwa amelala vibaya, tumbo limejaa, na tangu asubuhi hajasema neno. Fundi alisimama nyuma yake akipumua kwenye kisogo chake. Akamwambia asogeze chaki. Akamwambia asiisogeze sana. Akamwambia mkasi unashikwa hivi, akamshika kidole. Akamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba asiogope, mikono ni miwili tu, huu na huu.

Shingo ya wifi ikavimba. Nilishika kifungo nikasahau kukishona. Nilimwona anaweka mkasi mezani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha akapiga magoti, akaweka mikono chini, akaingia chini ya meza.

Cherehani zikanyamaza. Mmoja baada ya mwingine tukashuka. Dada wa kola, bibi wa pasi, mimi, na mwisho kabisa Fundi mwenyewe, magoti yakilia kama mlango mbovu. Tukawa tunapapasa sakafu kimya kimya, pua karibu na vumbi. Chini ya meza wifi aliukunja mgongo juu, akaushusha. Akavuta pumzi, akaiachia. Akaukunja tena. Mimi nilishajua, lakini ningesema nini.

Tulikaa hivyo muda mrefu. Bibi wa pasi alinong'ona kwamba pengine imeingia kwenye ufa. Fundi alilala kifudifudi akatazama chini ya kabati. Mwishowe akasogea kwa magoti mpaka mezani, akainamisha kichwa na kumuuliza wifi imeangukia upande gani.

Wifi angeweza kusema imepatikana, na ningemtolea pini yangu moja nikamsaidia uongo.

"Haijaanguka pini, Fundi," akasema. "Natafuta subira."

"Subira?"

"Nakaribia hedhi. Kiuno kinaniuma na umenisemesha tangu asubuhi. Nikibaki pale juu nitakujibu vibaya, na meza hii naitaka. Nipe dakika mbili."

Hakuna aliyeinuka. Wanawake sita tulikuwa tumepiga magoti, na mwanamume mmoja anaona haya mpaka masikioni. Fundi alitoa futi yake shingoni akaanza kupima mguu wa meza, ambao hauna haja ya kupimwa. Kisha bibi wa pasi, ambaye amezaa saba na hacheki hovyo, akauliza kama mgongo unakunjwa hivi au hivi. Dada wa kola akamwambia ashushe tumbo. Wifi akawaelekeza kutoka chini ya meza, na kwa muda karakana nzima ilipanda na kushuka, miguno ya raha huku na huku. Fundi hakujua aangalie wapi, akabaki magotini na mguu wa meza wake.

"Endeleeni," akasema hatimaye, akiuambia ule mguu. "Mimi naenda kuangalia uzi."

Uzi ulimchukua nusu saa. Hiyo nusu saa wifi alikata bila mtu kisogoni. Hakuharakisha. Mara mbili alisimama akashika kiuno, akapumua, akaendelea. Aliporudi, Fundi alikuta mabunda yamefungwa kwa utepe, kushoto huku na kulia kule. Akavaa miwani. Akavuta mkono mmoja kutoka kila bunda, akaulaza juu ya mwenzake, akaurudisha. Akavuta mingine, ya chini kabisa. Kola moja ilikuwa imepishana na mwenzake kwa unene wa unywele, akaitazama sana, akaiweka chini.

Akauzungusha mkasi, akamwelekezea wifi mpini.

"Nyuma yako sitasimama tena," akasema. "Ukiwa na swali, niite."

Wifi aliupokea mkasi kwa mikono miwili, akautazama, na machozi yakaanza kumtiririka, mengi, yakidondoka kwenye mashati ya watu. Fundi akashtuka, akakisogeza kitambaa. Alinitazama mimi, akainama karibu na sikio langu, na kwa sauti ya chini sana akaniuliza kama tushuke tena wote.

Nikamwambia hapana, Fundi, huyu sasa analia tu.