Mto Uliopimwa Nusu

Jumamosi ile ya mwisho wa Juni, mwaka wa pili wa korona, Libère aliona aibu kuhesabu wageni. Nyumba yake pale Guildford, mtaa wa Sydney, ilizoea watu wa kuja kula, watu wa kuja kusengenya, watu wa kuja kusukwa nywele wakaondoka na pilau kwenye ndoo ya aiskrimu. Sasa serikali ilikuwa imesema wageni watano, wasizidi. Walikuja wanne, na sebule ilionekana kama nyumba iliyoingiwa na wezi.

Walikuja kupanga safari. Klabu yao ya magari ya magurudumu manne ilikuwa ya Wakongo na Warundi waliojuana kwenye maghala ya Seven Hills na kwenye nyumba za kutunzia wazee. Kila majira ya baridi walikwenda milimani kukanyaga tope, kuona theluji, na kurudi na hadithi za kutia chumvi. Mwaka huu haikuwa mchezo. Walikuwa wanampeleka Spéciose kwenye mto uliomchukua mumewe, Rénovat, Julai iliyopita.

Mwaka ulikuwa unatimia. Kwa Warundi, mwaka ukitimia matanga huondolewa: mjane huvua nguo nyeusi, huvalishwa kitenge kipya, watu hunywa pamoja, naye huruhusiwa kuishi tena. Ila kabla ya kunywa, mkubwa wa familia huuliza: kuna mwenye neno na marehemu? Mwenye neno hulitoa palepale. Akinywa nalo tumboni, amekunywa na maiti.

Libère alikuwa na neno.

Klabu ina sheria. Kabla gari halijaingia mtoni, mpima maji huvuka kwa miguu na fimbo, ukingo hadi ukingo, akarudi. Siku ile ya Julai zamu ilikuwa ya Libère. Maji yalikuwa yametoka kwenye theluji, yalikata mifupa. Alifika kwenye jiwe kubwa katikati, yakiwa magotini, miguu ikafa ganzi, akageuka. Magari yote yalikuwa bado nyuma ya kona, hakuna aliyemwona. Akashika redio: "Nimevuka. Magoti tu. Rénovat, pita." Rénovat akapita. Baada ya lile jiwe kulikuwa na shimo.

Polisi walipomuuliza, Libère alisema alivuka mto mzima, na Rénovat aliingia kwa kasi. Akatia saini. Hilo neno "kasi" likatoka pale likaingia mitaani, likafika kanisani, likafika sokoni Cabramatta, na kila lilipolala likaamka limenenepa. Rénovat alipenda sifa. Rénovat alikuwa na haraka ya kufa. Spéciose aliyasikia yote. Libère naye aliyasikia, mengine kwenye kochi lake mwenyewe, akaendelea kupakua chakula.

Alikuwa amejiapiza: atasema kulekule ukingoni, Jumamosi ijayo. Ilibaki wiki moja.

"Magari matatu yanatosha," alisema Blaise, mwenyekiti wa klabu, Mkongo wa Bukavu mwenye sauti ya kuuzia samaki. Karatasi ilikuwa mezani. "Mimi mbele. Mzee Vénérand na Mama Kelly katikati. Libère nyuma. Minyororo ya matairi kila gari, kule barabara ni barafu. Upepo wa matairi tutapunguza tukifika kwenye changarawe. Na mtu asiniletee tena viatu vya kanisani. Mwaka juzi nilimbeba mtu mgongoni."

"Ulimbeba?" Léocadie, mkewe, akamkata. "Mlianguka wote wawili kama gunia mbili ya mihogo."

Wakacheka. Hata Spéciose, ambaye wote walimwita Mama Kelly kwa jina la bintiye, alitabasamu kidogo ndani ya kile kitambaa cheusi.

"Mpima maji ni Libère," Blaise akaandika. "Hakuna mwingine anajua ile maji."

Chai ikampalia Libère. "Mpe mwingine."

"Nani? Mimi na hiki kitambi? Nikiingia mto utafurika."

"Hatuvuki," alisema Vénérand, kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa maneno machache. "Tutasimama ukingoni. Nani ana hamu ya kuvuka pale?"

"Basi tu," Léocadie akasema, "kama marehemu angekuwa mpole kidogo na ule mguu wake wa kukanyaga mafuta..." Akajiziba mdomo, lakini neno lilikwisha toka. Spéciose alitazama kikombe chake. Libère akaiangalia ile karatasi, akajiambia: wiki moja tu.

Ndipo simu zikaanza kulia, zote, moja baada ya nyingine, kama zimeambizana. Blaise akasoma ya kwake, akavua kofia.

"Lokdauni. Sydney yote. Kuanzia saa kumi na mbili leo jioni. Hakuna kutoka mjini, hakuna kutembeleana. Wiki mbili."

"Wiki mbili!" Léocadie akaguna. "Ndiyo walivyowaambia watu wa Melbourne mwaka jana. Waulize walitoka lini."

Libère alihisi kitu ambacho baadaye hakuweza kujisamehe: nafuu. Nafuu ya mtu aliyefika mahakamani akaambiwa hakimu anaumwa. Alijitahidi uso wake usionyeshe.

Spéciose akauliza, "Sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa," akajibu Anésie, mke wa Libère.

"Basi tufanye hapa. Mume wangu nilimzika kwa watu wa kuhesabiwa. Mama yangu alimlilia kwenye simu, kutoka Kigoma, mtandao ukawa unakatika. Sitangoja mtu wa televisheni anipangie siku ya kuvua nyeusi. Shemeji, kitenge si kiko kwenye gari?"

Vénérand alisita. "Na mto?"

"Mto ulishachukua chake."

Wakatoka uani, kwenye jua lile la baridi lisilopasha kitu, wakasimama karibu na kamba ya kuanikia nguo. Anésie alikuwa amepika pombe ya mtama kwa ajili ya safari. Nyumbani ingekuwa mtungi mmoja na mirija mirefu, vichwa vimeinamiana. Kwa ajili ya ugonjwa, aliimimina kwenye vikombe, kila mtu na chake. Vénérand akasali. Akaweka kitenge cha njano begani kwa shemeji yake, naye Spéciose akaanza kufungua fundo la kile cheusi.

"Kuna mwenye neno na Rénovat?" Vénérand akauliza.

"Mimi," Blaise akasema. "Jeki yake iko kwangu. Kila siku nasema nitairudisha."

"Umesema. Imekwisha."

Léocadie akasogea, macho chini. "Mimi nilimsema, Mama Kelly. Kwamba alikuwa na haraka. Nilisema sana, na nilipopewa kidogo nikaongeza. Nisamehe."

"Ulisema ulichosikia," Spéciose akamjibu. "Imekwisha."

Vénérand akainua kikombe. Anésie akainua. Libère naye akainua, harufu ya mtama ikamjaa puani. Ilibaki kumeza tu. Kumeza mara moja, na hata Mungu angeona mambo yamekwisha.

"Sikuvuka," akasema.

Blaise akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Hukuvuka nini?"

"Mto. Niliishia kwenye jiwe la katikati. Maji yalikuwa baridi, nikarudi. Nikasema kwenye redio nimevuka. Rénovat hakuwa na kasi. Aliingia taratibu, kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Alinisikiliza mimi."

Hakuna aliyemsogelea. Ndege walikuwa wanapiga kelele kwenye mti wa jirani, na nyumba ya pili mtu alikuwa anafyeka majani kana kwamba dunia ni nzima.

"Ulibeba jeneza," Spéciose akasema.

"Ndiyo."

"Ukasikia wanavyomwita."

"Ndiyo, Mama Kelly."

"Kelly ameshusha picha ya baba yake ukutani. Ana miaka kumi na tatu. Anasema, alituacha kwa kutaka kujionyesha. Sikumkataza, Libère. Unajua kwa nini? Kwa sababu na mimi nilikuwa namchukia. Usiku nilikuwa namwuliza, ulikuwa unakimbilia wapi, mjinga wewe, na mtoto unaye. Nilimtukana mume wangu mwaka mzima."



Spéciose akashusha kitenge cha njano begani. Akakikunja kwa utaratibu, pindo kwa pindo, akampa Vénérand. Kisha akalikaza upya lile fundo jeusi.

"Nililia mtu mwingine," akasema. "Wangu ndiyo kwanza naanza kumlilia. Shemeji, nirudishe. Mtoto lazima asikie kwangu kabla hajasikia barabarani."

Vénérand akapita kwa kila mmoja, akachukua vikombe, akavimimina vyote kwenye majani. Cha Libère hakukigusa. "Jumatatu utawaambia polisi," akasema. "Usiposema, nitasema mimi."

"Nitasema."

Blaise alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni na karatasi yake ya minyororo na matairi, akaikunja, akaikunjua. "Mimi nilikuwa gari la pili," akasema. "Kama yeye angevuka salama, ningefuata mimi. Na Léocadie alikuwa pembeni yangu." Akaondoka bila kuaga, yeye ambaye kuaga kwake huwa ni nusu saa.

Anésie alikuwa jikoni, mgongo kwa mumewe, akiosha vikombe ambavyo havikunywewa.

"Mwaka mzima ulilala ubavuni kwangu," akasema. "Ukiweweseka nilikuwa nakufunika. Nilidhani unamlilia rafiki yako."

"Nilimlilia pia."

"Usiniambie. Piga simu."

"Mzee Vénérand amesema Jumatatu."

"Jumatatu ni mbali. Kungoja kwako nimekuona nako." Akaufunga mfereji, akajipangusa mikono, akaichukua simu yake mwenyewe kabatini na kuiweka mezani mbele ya mumewe. "Piga nikisikia."

Akapiga. Muziki ukamchezea sikioni muda mrefu; siku ile Sydney nzima ilikuwa inawapigia polisi kuuliza nini kinaruhusiwa. Nje kulikuwa kunaanza kuingia giza la mapema la majira yale. Hatimaye sauti ya mwanamke, imechoka, ikamuuliza kama anapiga kuhusu masharti mapya.

"Hapana," Libère akasema kwa Kiingereza chake cha ghalani. "Ni kuhusu mtu aliyekufa mwaka jana. Nilitia saini kitu ambacho si kweli."

Yule mwanamke akamwomba ataje jina lake, herufi kwa herufi. Anésie alivuta kiti, akaketi mbali naye, upande wa pili wa meza, akasikiliza.