Nani Alikunywa wa Kwanza

Kwenye ateliye ya kushona ya Mama Immaculée, karibu na gare ya treni, tulikuwa washonaji wanne na kikombe kimoja. Vingine vilikuwa vimevunjika. Hiki cha bati, kikubwa kama kopo la kuogea, kilikataa kufa. Saa nne asubuhi kilijazwa chai ya tangawizi, kikazunguka: Mama Immaculée kwanza, kisha Fanny, kisha Arlette. Mimi niliyeajiriwa mwisho nilikunywa mwisho.

Niliipenda zamu yangu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sukari hutuama chini. Ya pili, mimi ni Mutwa, mmoja wa wale wanaoitwa mbilikimo, na wenzangu hawakujua. Wazazi wangu walikimbia mapigano ya Nyunzu nikiwa mdogo. Nilisoma hapa Kalemie mpaka nikapata diploma ya ualimu, na nilipokuwa nangoja kupewa darasa nilishona sare za wanafunzi. Watu hudhani Mutwa hutambulika kwa kimo, nami nampita Arlette kwa kichwa kizima. Wapo wasiokubali kunywea kikombe alichonywea mmoja wetu. Lakini mimi nilikuwa wa mwisho, hakuna aliyekunywa baada yangu, basi sikumdanganya mtu. Hivyo ndivyo nilivyojituliza kwa miaka miwili.

Kisha Glody Mawimbi akafungua mdomo. Ni mwimbaji wetu, mtoto wa Kalemie, aliyefanikiwa kule Lubumbashi. Shabiki mmoja Mutwa alimpa bia katika baa, naye, mbele ya simu iliyokuwa inarekodi, akaisukuma ile glasi mezani: "Mimi ninywe na Mutwa? Afadhali maji ya mufereji."

Mji ulichemka. Madereva wa pikipiki walibandua picha zake kwenye vioo vyao. Redioni watu walipiga simu tangu asubuhi, wengine wakilia, wengine wakisema ni pombe tu, jamani, mwacheni. Nilisikiliza yote nikiwa nimeinama juu ya cherehani.

Jumapili akaomba radhi kwa video. Jumatatu, chai ikiwa tayari, Arlette, ambaye anajua nyimbo zake zote, alituonyesha kwenye simu yake. Glody ameketi na mzee mmoja Mutwa. "Nilikosa," anasema, "mdomo ulinitangulia." Anakunywa maji katika glasi, anampa mzee, mzee anakunywa, wanakumbatiana.

"Munaona?" Arlette alisema. "Ameomba pardo. Tumusamehe, turudie kucheza nyimbo zake."

Mama Immaculée aliweka pasi ya makaa pembeni. "Rudisha nyuma."

Arlette akarudisha.

"Tena. Nani alikunywa wa kwanza?"

"Glody."

"Basi hajafanya kitu. Kumupa muntu mabaki yako haiko heshima. Angekunywa yeye wa pili, nyuma ya muzee, njo ningemusadiki."

"Eh, Mama, na weye! Batwa wenyewe wamesamehe. Uliza Mutwa yeyote."

"Tumutoe wapi sasa hivi?" Fanny alicheka. "Kwenye mufuko wa vifungo?"

"Muniulize mimi," nilisema.

Cheko la Fanny lilikatika. Niliendelea: "Mimi ni Mutwa. Baba na mama, wote wawili."

Kikombe kilikuwa mezani, kimejaa, hakijaguswa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda nilichoka kuwa wa mwisho. Nilikichukua, nikanywa mafunda mawili, nikakirudisha katikati ya meza. Chai ilikuwa chungu, kumbe juu hakuna sukari kabisa.

Nilihesabu vifungo vya shati nililokuwa nashona. Saba.

Mkono uliokwenda mezani ulikuwa wa Arlette. Alinitazama, macho yamejaa maji, akainua kikombe kwa mikono miwili, akanywa. Akanywa tena. Akaendelea.

"We Arlette, unaoga ao unakunywa?" Fanny alimpokonya. "Wengine tuna kiu!"

Alikunywa, akajifuta midomo kwa kanga, akaniuliza polepole: "Sasa Glody, unamusamehe, dada?"

"Namsamehe," nilisema. Nilikuwa nimeshamsamehe tangu kikombe kiliponyanyuliwa. "Lakini siku nyingine anywe wa pili."

"Muandikie ile chini ya video!" Arlette akanipa simu, na nikaandika kwa jina langu kamili.

Mama Immaculée ndiye aliyemaliza kikombe. Alipofikia tone la mwisho alisita, akalamba midomo, akachungulia ndani, akanigeukia kwa uso mkali.

"Yvette."

"Ndiyo, Mama."

"Miaka miwili sukari yote inakaa huku chini, na weye unanyamaza tu?"

"Ndiyo, Mama."

"Ile njo siri mubaya uliyotuficha," alisema. "Kuanzia kesho, tutabadilishana zamu."