Haboba Alipokubali Kosa

Poni alirudi nyumbani Alhamisi, siku ambayo hakuna mwanafunzi wa bweni anayerudi nyumbani. Hajara alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta simsim, akaona sanduku la bati linakuja juu ya kichwa cha mtu, na chini ya sanduku miguu anayoijua. Alimtua mzigo, akampa maji, akangoja amalize kunywa.

Hajara alikuwa mtu wa kungoja. Baada ya mwaka sabini na tisa, serikali ilipoangushwa na askari wake wakakimbia na watu wao, alingoja miaka sita ng'ambo ya mpaka, Zaire, na wajukuu mgongoni. Aliporudi Koboko akakuta mti umeota katikati ya chumba chake. Akaungoja ukauke, ndipo akaung'oa.

"Haboba," Poni alisema, kwani katika nyumba zile ndivyo wajukuu wanavyomwita bibi, "wamenifukuza."

"Nani amekufukuza?"

"Hedimasta. Barua hii hapa. Kesho saa tatu niende na mzazi, kamati isikilize kesi. Kama siendi, au kama kesi inanishinda, Jumatatu sifanyi mtihani."

Jumatatu ulikuwa unaanza mtihani wa Sinia Foo, ule wa kumaliza kidato cha nne. Poni alikuwa na miaka ishirini. Ukimbizi ulikula miaka yake ya shule, akawa anakaa dawati moja na watoto waliozaliwa nyuma yake sana. Baba yake alibaki kwenye udongo wa Zaire, mama yake akaolewa huko huko. Aliyekuwa anamsomesha ni Sule, baba yake mdogo, naye alishasema mbele ya watu: mwaka huu ndio wa mwisho, msichana alete cheti au aende kwa mume. Na mume alikuwepo tayari, mchuuzi wa tumbaku wa pale mpakani, mwenye wake wawili na baiskeli tatu, ambaye kila Idi alikuwa anamletea Sule sukari.

"Umefanya nini?" Hajara aliuliza.

Poni akaeleza. Watu wa misheni walileta shuleni kwao Arua boksi la timu ya wasichana: mipira miwili ya netiboli na raba jozi kumi na mbili. Wasichana walikuwa wanacheza miguu mitupu kwenye changarawe, wakimaliza wanatoana vijiwe kwa pini. Mwalimu Amandu, wa michezo, alipima miguu yao yeye mwenyewe kwa kamba, akapeleka vipimo misheni. Lakini raba zilipofika zikafungiwa stoo. Sheria ya stoo inasema vifaa vipya ni vya timu inayowakilisha shule, na timu inayowakilisha shule ni ya wavulana.

"Na nyinyi kwa nini hamuwakilishi?"

"Kwa sababu hatuna viatu. Timu bila viatu haitoki nje ya geti."

Hajara aliweka ungo chini. "Ngoja. Hamna viatu kwa sababu hamuwakilishi, na hamuwakilishi kwa sababu hamna viatu?"

"Ndiyo, Haboba."

"Nani aliandika hiyo?"

"Iko kwenye ubao wa ofisi. Namba kumi na moja."

Basi Jumatano asubuhi, kwenye paredi, wavulana wakapanga mstari mbele wakiwa wamevaa raba zile. Hazikuwaingia, kwa hiyo walikuwa wamezikata mbele kwa wembe, vidole vikawa vinachungulia nje. Poni alipoviona vidole vile hakujua mdomo ulifunguka saa ngapi. Akapiga kelele: "Hizi ni viatu zetu! Mnakata viatu zetu kama mabua!" Wasichana wote wakapiga makofi.

Makosa yakawa matatu. Kusema kwenye paredi bila kuitwa. Kusema Kiswahili, ambacho hedimasta alikuwa anakiita lugha ya kambi za askari, hataki kukisikia ndani ya ua wa shule. Na yale makofi, ambayo hayakuwa ya Poni, yakaandikwa kwa jina la Poni: uchochezi.

"Ungesema hata kwa Kizungu," Hajara alisema.

"Haboba, nilikuwa na hasira. Kizungu changu kinakuja polepole, kinataka kwanza nikae chini."

Kulipopambazuka walipanda lori la tumbaku, Hajara akiwa na kuku jike mwekundu aliyefungwa miguu. Dereva aliwashusha Onduparaka, akisema yeye anashushia mzigo pale, mjini watembee.

"Mama, unapeleka kuku wapi na haraka hii?"

"Shuleni. Mtoto ameshtakiwa kwa mambo ya mpira."

"Mpira!" Dereva akacheka mpaka akashika usukani. "Ungeleta kesi hapa Onduparaka. Hapa hata mbuzi wanajua ofsaidi."

Njiani Poni aliuliza, "Haboba, utawaambia nini?"

"Yale yanayosemwa siku zote. Wewe nyamaza mpaka nikupe neno."

Poni alikuwa hajalala siku mbili. Alimfuata tu.

Nje ya ofisi, kwenye benchi, mwalimu Amandu alikuwa amekaa, kijana mwembamba mwenye filimbi shingoni, na mkononi kamba yenye mafundo. Alisimama, akamsalimu Hajara kwa mikono miwili. "Mimi ni shahidi, mama. Nangoja waniite."

Hajara akamshukuru bila kujua anamshukuru kwa nini hasa. Alimfunga kuku kwenye nguzo ya baraza, akaingia na mjukuu wake.

Ndani walikuwa watatu. Hedimasta Asiku, mwanamume mpana mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni. Makamu wake, Madamu Ayikoru. Na karani mwenye kalamu. Asiku alikuwa Mlugbara, Hajara Mkakwa, na lugha yao ya kukutana ilikuwa ile ile iliyokatazwa. Kwa hiyo Asiku alisema Kizungu, na Madamu Ayikoru akawa anakigeuza Kiswahili kwa sauti ya chini, kama mtu anayepitisha magendo.

Asiku alisoma makosa matatu, kisha Madamu akamgeukia Hajara. "Anauliza: mnakubali au mnakataa?"

Sasa hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Katika ukoo wa Hajara, mtu mzima anayepeleka kesi ya mtoto haanzi kwa kukataa. Anayeanza kwa kukataa ametafuta ugomvi. Mkubwa anapiga magoti, anabeba kosa lote, lake na lisilo lake, analiweka chini mbele ya watu. Hapo wale wa upande wa pili wanaona haya. Wanasema, la, mama, inuka, hata sisi tuna letu. Wanatoa lao, na nyinyi mnatoa lenu vizuri, ukweli unatoka kidogo kidogo, mpaka jioni watu wanakula pamoja. Kwa njia hiyo Hajara alirudishiwa shamba lake lililokuwa limeshikwa alipokuwa Zaire. Kwa njia hiyo alimaliza kesi ya mbuzi wa jirani yake Lukudu iliyowashinda machifu wawili.

Poni alifungua mdomo. Hajara akamfinya paja.

Akapiga magoti kwenye saruji. "Tumekosa," alisema. "Mtoto amekosa, na mimi niliyemlea nimekosa. Mtusamehe."

Akainamisha kichwa, akangoja wao watoe lao.

Alisikia kalamu ya karani ikikwaruza. Alisikia kuku nje. Kisha akasikia faili linafungwa.

"Anasema asante kwa kusema ukweli," Madamu Ayikoru alisema. "Anasema basi."

"Basi nini?"

"Kesi imekwisha, mama. Mmekubali, kwa hiyo hakuna shahidi wa kuitwa. Uchochezi adhabu yake ni kufukuzwa. Asikanyage tena ndani ya ua wa shule."

"Lakini nyinyi hamjasema lenu."

Madamu Ayikoru alimtazama. "Letu lipi?"

Karani alikuwa ameshamshika Hajara kidole gumba, amekipaka wino, amekikandamiza kwenye karatasi. Alipogeuka kumtazama Poni, Poni alikuwa anatazama sakafu, machozi yanadondoka bila sauti, na pale alipofinywa paja alikuwa amepashika kwa mkono.

Nje, Amandu alisimama haraka. "Wameahirisha?"

"Wamemaliza," Poni alisema.

"Wamemaliza vipi? Mbona sijaitwa?" Akainua ile kamba. Mafundo kumi na mawili, alisema, kila fundo ni mguu wa msichana mmoja, na barua ya misheni anayo mfukoni, imeandikwa wazi kwamba viatu ni vya wasichana. Alikuwa amejipanga kusema hayo yote mbele ya hedimasta, hata kama kazi ingekwenda. "Nani aliwaambia mkubali?"

Hajara aligeuka, akarudi ofisini bila kubisha.

"Nimerudi kuchukua neno langu," alisema.

Safari hii Asiku alimjibu yeye mwenyewe, na kwa Kiswahili. "Mama, neno nimeshaandika."

"Futa. Mimi nilikuwa nafungua mazungumzo. Kwetu ndivyo tunafungua."

"Kwenu iko Koboko. Hapa iko shule." Hakuwa na ukali, na hilo ndilo lililomtisha Hajara. Alikuwa mtu aliyechoka, anaeleza. "Mimi iko na wanafunzi mia sita. Leo nikirudisha neno moja, kesho kila mzazi anakuja kurudisha lake. Unaweza kukata rufaa kwa bodi ya shule."

"Bodi inakaa lini?"

"Februari."

"Na mtihani?"

Asiku akavua miwani, akaipangusa. "Jumatatu," alisema. Kisha akaongeza, "Na kuku yako tafadhali uende nayo. Zawadi baada ya hukumu ni hongo. Namba kumi na tano."

Walilala Oli, mtaa wa mjini, kwa Drateru, mwanamke waliyekuwa naye ukimbizini, anayeuza mandazi karibu na mto. Siku mbili zilizofuata Hajara alizunguka. Alikwenda kwa mjumbe wa bodi, akaambiwa amesafiri. Alikwenda kwa padri wa misheni, akapewa chai na pole. Alikwenda ofisi ya elimu Jumamosi, akakuta mlango umefungwa, akakaa mlangoni mpaka alasiri kama mlango utamhurumia.

"Hajara, ungekataa tu!" Drateru alisema, akigeuza mandazi kwenye mafuta. "Hapa mjini watu wanakataa mpaka majina yao."

Poni hakucheka. Alikuwa anasoma daftari lake la hesabu lile lile, ukurasa ule ule. Na bibi yake hakuthubutu kumwambia aache.

Jumatatu Poni alivaa yunifomu. Wakafika getini mapema, kabla ya wengine. Mlinzi alikuwa Lokule, mtu wa Koboko, aliyewahi kuwa jeshini na baba yake Poni.

"Shangazi," alisema, mikono kwenye vyuma, "mimi nafungua hii geti sasa hivi. Lakini kesho nani ananifungulia mimi? Iko na watoto saba."

"Fungua kidogo tu. Mtoto ni mwembamba."

"Shangazi, usinifanyie hivyo."

Watahiniwa wakaanza kupanga mstari mbele ya ukumbi, kalamu na rula mikononi. Hajara akashika geti. Akapiga kelele, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuita mtu kwa sauti kubwa. Alisema yote aliyokuwa ameyaweka ya baadaye, yale ya kutoa baada ya wao kutoa lao: kwamba viatu vilikuwa vya wasichana, kwamba kamba ipo na barua ipo, kwamba yeye ndiye mjinga na mjinga asimponze mwenye akili, kwamba makofi yale hayakupigwa na mkono mmoja. Aliyasema kwa Kiswahili, hadi sauti ikapasuka. Mstari wote uligeuka. Amandu alitoka mbio, akasimama mbele ya hedimasta, akainua kamba, akasema kitu. Asiku akatikisa kichwa. Amandu akasema tena. Asiku akatazama saa yake.

Kengele ikalia. Mstari ukaingia ukumbini mmoja mmoja, wasichana wakiangalia nyuma. Mlango ukafungwa. Amandu alibaki uwanjani peke yake, kamba inaning'inia.

Hajara alikuwa bado anasema.

"Haboba," Poni alisema. "Nyamaza."

Hakusema kwa ubaya. Aliitoa mikono ya bibi yake kwenye vyuma, kidole baada ya kidole, akaifuta kutu kwa sketi yake.

"Twende njia ya Inde," alisema. "Iko shule pale, Margarita wa bweni letu alirudia Sinia Foo hapo. Wanachukua waliokwama."

"Na Sule? Amesema mwaka huu ni basi."

"Kwa baba Sule nitasema mimi mwenyewe. Na huko shuleni pia nitasema mwenyewe."

Walitembea jua likipanda, Hajara nyuma, Poni mbele na vumbi la malori likiwapita. Mara mbili Hajara alitaka kumwambia jambo. Mara zote mbili aliona ule mgongo ulionyooka ndani ya blauzi ya shule isiyokuwa shule yake tena, akanyamaza.

Shule ilikuwa ndogo, ya matofali mabichi, na ofisi yenye dirisha bila kioo. Poni alimwonyesha bibi yake ngazi. "Kaa hapa."

Akaingia. Hajara akasikia sauti ya mwanamke ikiuliza, na ya mjukuu wake ikijibu, kwa Kizungu, polepole, neno moja linakaa chini ndipo jingine linafuata. Hakuelewa hata moja. Kisha yule mwanamke akauliza kwa Kiswahili, labda kwa sababu alikuwa amemwona Hajara kupitia dirishani, "Mzazi wako si ndiye yule nje? Yeye anasema nini juu ya hii?"

Hajara alikuwa ameshaanza kuinuka, magoti yakijikunja yenyewe yapate pa kupigia.

"Ni bibi yangu," Poni alijibu. "Lakini uniulize mimi."

Hajara akarudi chini. Akaziba mdomo kwa kanga, akaibana kwa meno, akakaa hivyo, wakati ndani maswali yalikuwa yanaanza upya.