Bega la Mshonaji

Kabla fundi rangi hajaugua, yeye na mkewe mshonaji waliishi kama wapangaji wawili wanaogawana jiko. Salamu asubuhi, sahani mezani jioni, basi. Mshonaji alikwisha kujisemea kwamba ndoa nyingine ndivyo zinavyozeeka, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ndipo mume akalazwa. Sindano kali zilizomponya zikamharibia masikio ya ndani, huko ndani kabisa ambako mwili hujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kusikia, alisikia vizuri tu. Lakini akisimama, sakafu ilimyumbia, na penye giza alianguka kama gunia. Ngazi zake za kazi zikauzwa. Toka hapo hakwenda popote, msalani wala sokoni, bila mkono wake kuwa juu ya bega la mkewe.

Mungu amsamehe, mshonaji alifurahi. Si kwamba aliufurahia ugonjwa; aliufurahia ule mkono. Miaka mitatu walitembea hivyo, na njiani wakaanza kuzungumza: nani kajenga, nani kagombana na nani, ukuta wa nani umepakwa rangi ya aibu. Majirani wakawabandika jina, Chanda na Pete. Nguo zote za mshonaji zilichakaa bega la kushoto, na yeye, aliyewashonea mtaa mzima, hakuzitia kiraka hata moja. Kuchakaa kule alikuona ni pambo.

Kisha daktari wa masikio akawaita wakajaribu kifaa. Kilikuwa kisanduku kidogo cha kuvaa mkandani, chenye nyaya mbili na vibandiko viwili vya kukaa nyuma ya masikio.

"Umeme wenyewe ni kidogo sana, hata hutausikia," daktari alimwambia mume. "Unayaamsha masikio ya ndani. Hautibu, lakini. Ukizima, unarudi palepale."

Fundi rangi akaambiwa atembee. Kwa mazoea alinyoosha mkono kutafuta bega, kisha akaurudisha. Akaenda hadi dirishani, akageuka, akarudi huku anacheka na machozi yanamtoka. Mshonaji naye alilia, na kilio chake siku ile kilikuwa cha furaha tupu.

Nyumbani, kila asubuhi alimnyoa vinywele nyuma ya masikio, akaipangusa ngozi, akavibandika vile vibandiko taratibu kuliko ilivyohitajika. Ndio muda pekee aliomgusa. Kifaa kikishawaka, huyo mlangoni, kwenda kuwatazama mafundi wenzake kazini. Wakitoka pamoja, mume alitangulia mbele, kimya. Maongezi yalikatika kama uzi, na mshonaji akajikuta anamwonea wivu mtu aliyekuwa yeye mwenyewe mwaka jana.

Kukichaji kifaa jioni nako kulikuwa kazi yake; jioni moja hakukichaji. Alikiona kiko mezani, akakiacha, akaenda kulala.

Kesho yake walikuwa wanakwenda kumtembelea wifi yake. Katikati ya njia kifaa kikazima. Fundi rangi akasimama ghafla, kapanua miguu, uso umemsawijika. Mshonaji akamsogelea, akainamisha bega kama zamani. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa msichana.

"Nishike," alisema.

Mume akageukia upande wa pili. Akaweka viganja vyote viwili kwenye ukuta wa duka, akaanza kwenda upande upande, akipapasa.

"Mume wangu, bega hili hapa."

"Naliona."

"Utachubuka mikono."

"Acha nichubuke." Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, mshonaji angejua la kujibu. "Kila nilipokushika nilijiona mzigo wenye miguu. Miaka mitatu yote nilikuwa naomba siku ya kuliacha hilo bega. Usinirudishe huko, mke wangu."

"Na mazungumzo yetu?"

"Ningenyamaza, ningewaza kuanguka tu."

Hapo moyo ukamvunjika mshonaji, na hakuwa na namna nyingine ya kuuita ule uchungu. Alichokitunza kama mapenzi, kwa mwenzake kilikuwa ni kujizuia kuanguka tu. Na kwa kuwa njia ya mwongo ni fupi, akaona hata uongo wake haukumfikisha mbali.

"Sikukichaji," alisema. "Makusudi."

Mume alimtazama, mikono yake bado iko ukutani. Alimtazama kwa huruma, na ile huruma ilimuuma kuliko tusi.

"Kesho nifundishe kuvibandika mwenyewe," alisema.

Asubuhi wakasimama mbele ya kioo. Mshonaji akamwonyesha pa kunyoa, pa kupangusa, na waya upi wa sikio lipi. Alitamani mume awe mzito wa kuelewa, walau kwa wiki moja. Lakini mume alikuwa fundi, mikono yake ilikuwa myepesi. Alionyeshwa mara moja tu, akajua.